Maharage yaliyopita tarehe, karanga ambazo hazijapita: uchambuzi wa kisa cha stoo moja

Kisa hiki kinatoka kwenye jiko la hosteli ya mafunzo. Jina la hosteli, mahali ilipo, mwaka na chochote kinachoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa, na mambo madogo yasiyogusa hoja yamebadilishwa. Niliitwa baada ya watu kuugua, kwa hiyo ya mwanzo nayasimulia kama nilivyoyapata kwa wahusika na kwenye leja ya stoo.

## Usuli

Hosteli hulisha watu wazima wapatao sitini, milo mitatu kwa siku. Jikoni kuna mpishi mkuu, mama aliyekaa hapo miaka mingi, msaidizi wake kijana, na mtunza stoo. Meneja alikuwa mgeni, ndiyo kwanza amekabidhiwa ofisi. Kabla hajaja, hosteli ilikuwa imefungwa kwa miezi mingi, na kabla ya kufungwa mtu alikuwa ameagiza chakula kikavu kingi kupita mahitaji. Milango ilipofunguliwa tena stoo ilikuwa imejaa, na sehemu kubwa ya kilichojaa ilikuwa imepita tarehe iliyochapwa kwenye mfuko.

Kulikuwa na mchele mweupe uliopita kwa miezi mitano hivi. Tambi na dengu, nazo kadhalika. Maharage mekundu, magunia kadhaa, yalikuwa yamepita kwa zaidi ya mwaka. Unga mweupe wa ngano ulikuwa umepita kwa miezi miwili, na unga wa ngano isiyokobolewa kwa wiki chache tu. Kulikuwa na shayiri iliyopondwa, maziwa ya unga yenye mafuta (makopo mengine yamefunguliwa, mengine bado), pakiti zilizofunguliwa za unga uliochanganywa tayari kwa vitafunio, baking poda na hamira. Karanga zilizomenywa, gunia moja, zilikuwa bado zina miezi mitatu mbele. Sukari na chumvi hazikuwa na tarehe kabisa.

Stoo yenyewe ni chumba kirefu. Ukuta mmoja hupigwa na jua la mchana, na kwenye ukuta wa pili linapita bomba la maji. Maharage yalipangwa upande wa jua, karanga upande wa bomba. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo wakati huo, na leja ilionyesha kwamba mpangilio haukuguswa tangu hosteli ifungwe.

## Mabishano ya kwanza

Meneja alitaka vyote vilivyopita tarehe vitupwe. Mpishi mkuu alikataa. "Bosi, chakula kikavu hakiozi," alimwambia, na akakumbusha ni magunia mangapi yanayozungumziwa. Jibu la meneja, kama mtunza stoo alivyonisimulia, lilikuwa: "Mama, mtu akiumwa hapa wataniuliza mimi, hawatakuuliza wewe."

Wote wawili walikuwa na hoja. Ya mama ilitokana na uzoefu: amepika mchele wa zamani mara nyingi na hakuna aliyedhurika. Ya meneja ilitokana na wajibu. Katika jiko linalolisha watu wengi, tarehe iliyochapwa ni kitu ambacho mkaguzi anakisoma hata kama hajui kupika. Tatizo ni kwamba wote walikuwa wakibishana juu ya kitu kimoja tu, yaani namba iliyoko kwenye mfuko. Mmoja aliiamini yote, mwingine hakuiamini hata kidogo, na hakuna aliyekwenda kufungua gunia.

Wakakubaliana kwa mapatano. Kilicho ndani ya tarehe kitumike. Kilichopita kwa miezi sita au pungufu kitumike kwanza. Kilichozidi miezi sita kitupwe, isipokuwa maharage, kwa sababu ni mengi na mpishi aliyasimamia kidete. Nilipomuuliza meneja kwa nini miezi sita, alisema ilikuwa kanuni rahisi kuiandika na rahisi kuikagua. Namheshimu kwa ukweli huo. Kanuni nyingi za stoo huzaliwa hivyo.

## Siku ya maharage

Kundi la kwanza la maharage lilipikwa vizuri na lililiwa bila tatizo, ila lilichukua muda mrefu mno. Mpishi mkuu aliyachemsha asubuhi yote, na bado mengine yalibaki magumu katikati. Gesi ilikwenda sana.

Siku chache baadaye mpishi mkuu alikuwa na udhuru, na msaidizi akaachiwa jiko. Kijana hakutaka aibu ya kupeleka mezani maharage magumu. Akafikiri kwamba kama tatizo ni muda, dawa ni muda zaidi. Aliyaloweka kwa saa mbili hivi, akayaweka kwenye vyungu viwili vya umeme vya kupikia taratibu, akachagua moto mdogo, akaenda kulala. Asubuhi yalikuwa yamevimba na ganda limelegea, na ukiyabana kwa vidole yanabonyea kwa shida kidogo. Akaona yanafaa. Akatengeneza rojo la nyanya pembeni, akachota sehemu ya rojo hilo na kuipeleka kwenye mboga za majani kwa wasiotaka maharage, iliyobaki akaimimina kwenye maharage, akapasha moto na kupakua pamoja na wali.

Chakula cha mchana kililiwa saa saba. Kufika saa tisa watu wa kwanza walikuwa chooni: kichefuchefu kikali, kutapika, na baadaye kuhara kwa baadhi yao. Kabla ya saa kumi na moja waliougua walikuwa wamefika zaidi ya kumi. Wawili walipelekwa kituo cha afya kwa sababu walikuwa wametapika mno, wakapewa maji ya chumvichumvi na kurudishwa. Jioni wengi walikuwa wamesimama, wamechoka lakini wazima. Hakuna aliyelazwa.

Usiku huohuo meneja aliandika agizo: kila kilichopita tarehe kitoke stoo, siku inayofuata, bila mjadala. Mpishi mkuu aliporudi hakuwa na la kusema. Kwa macho ya kila mtu pale, maharage yaliyopita mwaka mmoja yalikuwa yamejihukumu yenyewe.

## Tulichokiangalia

Nilifika kabla gari la taka halijaja, na bahati nzuri mtunza stoo alikuwa amefanya mambo mawili bila kuambiwa na mtu. Alikuwa amezuia vyungu visioshwe, na alikuwa amepita chumba hadi chumba akiandika nani alikula nini na alianza kuumwa saa ngapi. Karatasi yake ya kurasa mbili ilikuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote tulichokuwa nacho, maana hapakuwa na maabara ya kupeleka sampuli.

Kwanza tuliangalia muda. Dalili zilianza kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula. Hiyo ni haraka. Salmonela kwa kawaida huchukua saa sita au zaidi, mara nyingi siku nzima. Muda mfupi namna hiyo huashiria sumu ambayo tayari imo kwenye chakula wakati kinaliwa, na washukiwa ni wachache: sumu ya bakteria wa Bacillus cereus kwenye wali uliokaa nje, sumu ya Staphylococcus aureus kwenye chakula kilichoshikwashikwa na kuachwa vuguvugu, au lektini, protini ya asili iliyomo kwenye maharage mekundu na inayodhuru tumbo yasipoiva vizuri.

Pili, nani alikula nini. Waliokula wali na mboga hawakuugua hata mmoja. Wali ulikuwa wa sufuria moja kwa wote, kwa hiyo wali ukatoka kwenye orodha. Rojo la nyanya lilikuwa hilohilo kwenye mboga na kwenye maharage, nalo likatoka. Maharage yalibaki peke yake.

Tatu, chungu. Tulijaza maji kwenye kimojawapo cha vyungu vilevile, tukachagua moto uleule, tukakiacha usiku kucha na kupima kwa kipimajoto asubuhi. Maji hayakufika hata nyuzijoto 80.

Hapo ndipo jambo lote lilipo. Maharage mekundu mabichi yana lektini nyingi iitwayo fitohemaglutinini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imeeleza kwamba maharage manne au matano tu yasiyoiva yanatosha kumfanya mtu augue, kwamba dalili huanza ndani ya saa moja hadi tatu, na kwamba mgonjwa kwa kawaida hupata nafuu saa tatu au nne baada ya dalili kuanza. Inashauri kuyaloweka kwa muda usiopungua saa tano, kuyamwaga maji hayo, kisha kuyachemsha kwa maji mapya yanayotokota kwa dakika 30. Vyungu vya kupikia taratibu imevitaja waziwazi kuwa havifai kwa kazi hiyo. Tena kuna jambo ambalo wapishi wengi hawaamini mpaka waelezwe mara mbili: maharage yaliyopashwa hadi nyuzijoto 80 bila kutokota yanaweza kuwa na sumu mara tano ya yale mabichi kabisa. Kwa hiyo usiku mzima kwenye moto mdogo haukuwa mapishi ya tahadhari. Afadhali kijana angeyapika nusu saa kwa moto mkali.

Ili mpishi mkuu aamini, na kusema kweli ili meneja aamini, tulichukua maharage kutoka gunia lilelile. Yalilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakachemshwa kwa nguvu kwa dakika 30, kisha yakamaliziwa kwenye sufuria ya presha. Mama alipakua sahani mbili, ya kwake na ya kwangu. Yalikuwa na ladha hafifu na ganda nene. Tumbo halikusema neno.

Maabara haikuhusika, kwa hiyo siwezi kuiita hii hukumu ya mwisho. Lakini muda wa dalili, nani aliugua na nani hakuugua, joto la chungu, na gunia lililotoa chakula salama lilipopikwa ipasavyo, vyote vinaelekeza mahali pamoja. Maharage yangenunuliwa jana na kupikwa vile, wangeugua vilevile.

## Je, umri wa maharage haukuchangia chochote?

Ulichangia, kwa njia ya kupinda. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na hewa yenye unyevu hupata ugumu usioisha jikoni. Ndani ya ukuta wa seli, pektini, ile gundi ya asili inayoshika seli pamoja, hushikamana na kalsiamu na magnesi na kuwa haiyeyuki kirahisi, na maji hayapenyi kama zamani. Kadiri stoo inavyokuwa ya moto ndivyo mabadiliko hayo yanavyokwenda kasi, na haya yalikuwa yamelala kwenye ukuta wa jua. Maharage hayohayo yangekaa mahali pa baridi na pakavu yangelainika kwa urahisi zaidi. Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah kiliwahi kuwaonjesha watu maharage yaliyohifadhiwa kwa miaka hadi 30, na wengi wao waliyaona yanalika wakati wa dharura.

Kwa hiyo umri uliyafanya magumu, ugumu ukamfanya kijana atafute njia ya mkato, na njia ya mkato ikaleta sumu. Anayeisoma tarehe peke yake anaona mwanzo na mwisho wa mnyororo huo na kuruka pete ya katikati, ambayo ndiyo pekee jiko lingeweza kuikata.

Magadi kidogo kwenye maji ya kulowekea husaidia sana maharage ya namna hii, maana sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu na ganda hulegea. Gharama yake ni kwamba hupunguza vitamini B1, na yakizidi yanaacha ladha ya sabuni.

## Gunia la karanga

Gari la taka lilipokuwa linasubiri nje, niliomba tupite stoo nzima, chakula kilichopita na ambacho hakijapita, tufungue kila kitu. Meneja hakuona sababu ya kugusa vilivyo ndani ya tarehe. Mtunza stoo ndiye aliyelivuta gunia la karanga kutoka ukutani, na sehemu ya chini ya gunia ilikuwa na alama ya maji yaliyokauka, mstari wa kahawia wa upana wa kiganja. Bomba lilikuwa likitoa jasho, labda kwa miezi.

Juu karanga zilikuwa nzuri, za mviringo na za rangi moja. Tulipoligeuza na kumwaga za chini kwenye turubai, zilitoka zimeshikana vidonge vidonge. Nyingi zilikuwa zimesinyaa, zingine nyeusi kwenye kiini, na katikati ya vidonge kulikuwa na unga wa kijani kibichi uliofifia. Harufu ilikuwa ya chumba kilichofungwa kikiwa na nguo mbichi. Mfuko ulikuwa bado unaahidi miezi mitatu ya ubora.

Ukungu wa aina ya Aspergillus flavus na ndugu yake Aspergillus parasiticus hutengeneza aflatoksini, sumukuvu inayoharibu ini na kusababisha saratani yake. Ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza na lawama ikaishia kwenye chakula chao kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga kunaipunguza kwa kiasi tu. Kuchambua zilizooza na kubakiza zinazong'aa kunapunguza pia, lakini punje inaweza kuwa na sumu bila kuonyesha chochote kwa nje. Na tofauti na maharage, aflatoksini kwa viwango vya kawaida haimtapishi mtu alasiri ileile. Hujilimbikizia madhara yake kimyakimya, kwa hiyo hakuna karatasi ya mtunza stoo ambayo ingeikamata.

Gunia lote lilitupwa. Kitu cha hatari kuliko vyote ndani ya stoo ile kilikuwa kimepita kwenye kanuni ya miezi sita bila hata kufunguliwa.

## Uamuzi wa pili

Kanuni ya miezi ilifutwa. Badala yake tulikwenda bidhaa kwa bidhaa, tukiuliza maswali yaleyale: ni kikavu bado? Kina mafuta? Kuna mdudu, ukungu au harufu? Kimefunguliwa tangu lini?

Mchele mweupe ulibaki. Punje zilizokobolewa zina mafuta kidogo mno ya kuchacha, na ukihifadhiwa mkavu na bila hewa hukaa miaka mingi. Gunia moja lilikuwa na fukusi wachache. Walipepetwa, mchele ukagawanywa kwenye mifuko midogo na kulazwa kwenye friza la nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa siku kadhaa ili mayai nayo yafe. Fukusi ni karaha, si sumu. Tambi, dengu na shayiri ambayo mifuko yake haikuwa imefunguliwa vilibaki pia.

Unga wa ngano isiyokobolewa, ambao ulikuwa umepita kwa wiki chache tu, ulitupwa. Kiini cha ngano kina mafuta, na mafuta hayo yalikuwa yamechacha: weka chembe ulimini na uchungu unabaki nyuma ya koo. Usingemuua mtu, lakini hakuna mkate ambao ungelika. Unga mweupe uliopita kwa miezi miwili ulikuwa salama mfuko mmoja baada ya mwingine, isipokuwa mmoja uliokuwa na mende wadogo wekundu wa unga. Wadudu hao hutoa kemikali ya kujilinda inayoacha harufu kali na rangi ya waridi kwenye unga, na wakishafikia wingi huo kupepeta hakutoshi. Ulitupwa.

Pakiti zilizofunguliwa za unga mchanganyiko zilitupwa bila kuonjwa. Hapa niliweka mguu chini, na mpishi mkuu aliona nazidisha. Unga wa namna hiyo ukikaa wazi mahali penye joto na unyevu huvamiwa na utitiri ambao jicho halimuoni. Mtu mwenye mzio wa utitiri anaweza kupata shambulio kali la mzio dakika chache baada ya kula, hata kama kitafunio kimeiva vizuri, maana kinacholeta mzio hakivunjwi na joto la kikaango. Madaktari wameandika visa hivyo kwenye majarida ya tiba kutoka nchi mbalimbali.

Maziwa ya unga yaliyokuwa wazi yalikuwa yameganda mabonge, yakatoka. Makopo yaliyofungwa tuliyafungua moja moja. Yenye harufu ya mafuta ya zamani yalitoka, mengine yakabaki kwa kuokea. Hosteli haina watoto, na nilisisitiza hilo kwa sababu maziwa ya watoto wachanga ni habari nyingine kabisa. Tarehe yake haijadiliwi, kwa kuwa mtoto hana chakula kingine na virutubisho hupungua. Marekani, ambako sheria ya shirikisho hailazimishi tarehe kwenye vyakula vingi, imeilazimisha kwa maziwa hayo.

Baking poda tuliijaribu kwa maji ya moto, haikutoa povu. Hamira kwa maji vuguvugu na sukari, ikalala. Zote mbili hazina hatari yoyote zaidi ya keki bapa.

Sukari na chumvi mtu alikuwa tayari amezipanga mlangoni zitupwe, kwa sababu hazikuwa na tarehe na mtu akadhani imefutwa. Zilirudishwa. Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, haviitaki tarehe kwa chumvi ya chakula isiyotiwa iodini na sukari kavu isiyoongezwa virutubisho, maana hakuna kinachoharibika ndani yake.

## Matokeo

Kwa uzito, kilichobaki kilikuwa zaidi ya nusu ya stoo. Mchele na tambi ziliisha ndani ya miezi michache na hakuna aliyeugua. Maharage yalipikwa kwa presha mpaka yakaisha, isipokuwa gunia moja la ukutani kabisa ambalo hata presha ililishindwa. Vyungu vya umeme viliwekewa karatasi inayokataza maharage.

Kwa watu, mambo hayakwenda sawasawa. Baadhi ya wakazi waliacha kula maharage, hata mapya, na bado hawayagusi. Msaidizi aliendelea na kazi. Meneja alitaka kumpa barua ya onyo, na mpishi mkuu akamuuliza ni nani aliyewahi kumfundisha kijana habari za lektini. Barua haikuandikwa.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni vitu vya kawaida kabisa. Karatasi ya nani alikula nini iliokoa chakula cha miezi. Bila hiyo tungebaki na hisia, na hisia zote zilikuwa zinaelekea kwenye tarehe. Leja iliyoonyesha kila gunia lilikaa wapi ilitueleza kwa nini maharage yalikuwa magumu na kwa nini karanga zilioza, huku vyakula vilivyokaa katikati ya chumba vikiwa vizima.

Kilichoshindwa ni kuipa tarehe kazi ambayo si yake. Codex hutofautisha maandishi ya aina mbili. "Itumike kabla ya" ni mpaka wa usalama, na huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika haraka. "Bora kabla ya" ni ahadi ya mtengenezaji juu ya ladha, rangi na umbile, kwa sharti kwamba mfuko haujafunguliwa na umehifadhiwa ipasavyo. Kila mfuko kwenye stoo ile ulikuwa na maandishi ya aina ya pili. Mtengenezaji wa karanga hakudanganya. Hakujua tu kwamba gunia lake litaegemezwa kwenye bomba.

Usalama wa chakula kikavu unatokana na ukavu wenyewe. Wataalamu huupima kwa kiwango cha maji huru, yaani maji ambayo vijidudu vinaweza kuyatumia, kinachoanzia 0 hadi 1. Bakteria wengi wanahitaji zaidi ya 0.90, ukungu mwingi hukoma kati ya 0.80 na 0.70, na chini ya 0.60 hakuna kijidudu kinachoota. Kwa mizani ya kawaida, nafaka zikiwa na unyevu wa asilimia 13 hivi ziko salama, karanga zinahitaji kushuka hadi asilimia 7 au 8 kwa sababu ya mafuta yake. Saa haihamishi namba hizo. Bomba linazihamisha, pia paa linalovuja, mfuniko ulioachwa wazi, na kijiko kibichi.

Hata hivyo mpishi mkuu naye hakuwa sahihi aliposema chakula kikavu hakiozi, na nadhani kauli hiyo ni ya hatari kama ile ya meneja. Ukavu unazuia vijidudu kuota, hauviui. Unga mbichi unaweza kubeba Salmonela au E. koli kwa miezi ukiwa ndani ya tarehe na una harufu nzuri, ndiyo maana donge bichi halionjwi. Mbegu za Bacillus cereus hupona kwenye sufuria ya wali, na huamka wali ukiachwa mezani. Chakula kikavu kinapokutana na maji, kinga yake imeisha, na kuanzia hapo kinachohesabika ni moto, muda na friji.

Kuhusu hofu ya meneja, sikumshauri aipuuze. Jiko la umma linajibu kwa mkaguzi, na taratibu za kugawa au kuuza chakula kilichopita tarehe ya ubora hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Alichofanya baadaye ni kuanzisha daftari. Kila bidhaa iliyopita tarehe hufunguliwa, hunuswa, huandikwa hali yake na kusainiwa na watu wawili kabla ya kupikwa. Mkaguzi akija, ataonyeshwa sababu badala ya kuonyeshwa bahati.

Kilichobaki bila kutatuliwa ni mapokezi. Magunia mapya hufunguliwa juu, mtunza stoo anachungulia, anasaini. Kwa utaratibu huo gunia lile la karanga lingepita tena, kwa sababu ubaya wake ulikuwa chini. Nilipendekeza wanunue bambo, lile wanalotumia wanunuzi wa nafaka kuchoma gunia na kutoa sampuli kutoka katikati na chini. Meneja aliafiki. Wauzaji wawili wamelalamika kwamba linatoboa mifuko yao, na hadi mara ya mwisho nilipozungumza na mtunza stoo, bambo lilikuwa limetundikwa kwenye msumari likisubiri waafikiane.